Hedifoni tisa na unyevu wa ziwa: ipi ya kwanza, ipi uiache dukani

Mito ya masikio ndiyo hufa kwanza. Hedifoni inaweza kuwa na spika nzima, waya mzima na upinde usio na mchubuko, lakini ngozi ya bandia inayogusa masikio ikianza kubanduka na kukuachia vipande vyeusi shavuni, utaichukia na kuitupa kabatini. Ngozi hiyo kwa kawaida ni poliurethani, na poliurethani huvunjwavunjwa na unyevu polepole, hata ikikaa bila kutumika. Ongeza chumvi ya jasho, mafuta ya nywele na hewa ya ziwa, halafu usishangae mtu wa Kirumba, Mwanza, akibadilisha mito kabla ya ndugu yake wa Dodoma.

Kwa hiyo orodha hii haikupangwa kwa utamu wa sauti peke yake. Imepangwa kwa swali ambalo muuzaji wa Makoroboi hatakuuliza: kitu hiki kikiharibika mwakani, kitatengenezeka? Bei zilizotajwa kwa dola ni za soko la Marekani, kwa kukadiria tu. Mpaka mzigo ufike Mwanza, usafiri, ushuru na faida ya watu wawili watatu vimeshapanda juu yake.

1. Audio-Technica ATH-M40x

Dola mia na kidogo. Waya wake haujaungwa kwa risasi: unaingia kwenye kikombe cha kushoto, unauzungusha kidogo, unajifunga. Ukikanyagwa na mguu wa kiti unanunua waya, hununui hedifoni. Ukinzani wake kwa umeme ni mdogo, omu 35, kwa hiyo hata simu ya kawaida inaisukuma bila amplifaya. Sauti yake imenyooka. Besi haivimbi, na kwenye kwaya unamsikia kila mwimbaji amesimama wapi.

Mito yake haihitaji bisibisi. Shika ukingo wa mto wa zamani, uvute nje kuanzia chini, utatoka wote. Mpya una mdomo mwembamba wa ngozi nyuma yake. Uingize mdomo huo kwenye mfereji wa kikombe kuanzia chini, shikilia kwa dole gumba, kisha zunguka nao taratibu ukivuta kidogo kidogo. Ukilazimisha pande zote kwa pamoja, mdomo unachanika na mto umekwisha kabla ya kuvaliwa. Mito ya kitambaa haifanyi sikio litoke jasho kama ya ngozi, ila hupitisha hewa na besi hupungua. Wengi hulaumu spika kwa kosa hilo la mto. Miwani yenye mikono minene, rasta nene na hijabu iliyokunjwa mara mbili hufanya vivyo hivyo: hewa ikipenya, besi inaondoka nayo.

Lawama zipo. Ndani ya boksi kuna nyaya mbili, moja ya kujisokota inayofika mita 3 na nyingine iliyonyooka ya mita 3, zote za mtu wa mezani. Kwenye daladala utajifunga nazo kama kuku wa mnadani. Tafuta waya wa mita 1.2, lakini angalia: pini ya upande wa kikombe ni ya milimita 2.5 na tundu lake limezama ndani, hivyo nyaya nyingi za 2.5 zenye shingo nene hazifiki. Omba ulioandikwa kwamba ni wa M40x au M50x. Maiki haina.

M50x ni dada yake: omu 38, spika za milimita 45 badala ya 40, besi nzito zaidi, na waya mfupi umo boksini. Msikilizaji wa singeli ataipenda hiyo. Anayechanganya sauti studio abaki na M40x.

2. Sony MDR-7506

Imekuwa sokoni tangu 1991 na bado ipo vichwani mwa watu wa redio. Omu 63, gramu 230, inakunjika. Herufi s na sh unazisikia kama wembe. Anayehariri sauti ya mtangazaji atashukuru, lakini anayetaka kusikiliza muziki saa nne mfululizo masikio yatamchoka.

Waya wake wa kujisokota hauchomoki. Habari njema ni kwamba fundi yeyote mwenye chuma cha risasi anauweza. Mara nyingi hukatika jirani na pini, kwa sababu hapo ndipo watu huvutia. Kata sentimita 5 kutoka kwenye pini, weka pini mpya ya milimita 3.5. Usikwangue nyuzi za ndani kwa wembe: zimepakwa vanishi yenye rangi, na wembe huzikata. Zichovye kwenye risasi ya moto sekunde chache mpaka vanishi iungue na risasi ishike. Fundi asiyejua hilo ataunga juu ya vanishi, sauti itatoka mezani pake na kupotea ukifika nyumbani.

Udhaifu wa pili uko pale kikombe kinapoungana na upinde. Waya unaingilia kushoto, kwa hiyo sauti ya kulia hupita ndani ya upinde, na kwenye bawaba nyuzi zinaonekana nje. Upande wa kulia ukianza kukatika unapogeuza kikombe, tatizo liko hapo, spika haijafa.

3. Moondrop Chu II

Hii ni ya kuziba sikio, na bei yake haifiki dola 20. Kwa safari za Nyegezi hadi Igoma, au kivuko cha Kamanga, hakuna kitu cha bei hii kinachoishinda. Silikoni inazuia kelele bila betri. Inakaa chini ya hijabu bila kuvuja, jambo ambalo hedifoni kubwa hazikupi kwa urahisi.

Wengi huvaa silikoni ndogo kuliko tundu la sikio lao, halafu wanasema haina besi. Anza na kubwa kabisa, shuka ukiumia. Vuta sikio juu kwa mkono wa upande wa pili, ingiza, achia. Besi ikija ghafla, umeziba vizuri. Na sikio la kushoto na la kulia si lazima yachukue saizi moja.

Upande mmoja ukipungua sauti, angalia wavu kwanza, kwani mara nyingi ni nta. Chu II ina mdomo wa kufungua kwa skrubu, hivyo unausafisha au kuubadilisha. Usiingize sindano. Ukipata sauti ndogo baada ya kutembea juani, huenda ni jasho lililoganda kwenye wavu. Iache wazi mahali pakavu usiku kucha. Waya unachomoka kwa pini mbili za milimita 0.78. Iyafoni za kampuni ya KZ zina umbo jingine la pini, usilazimishe waya wa moja kwenye nyingine, tundu litapanuka na sauti itakuwa ya kukatikakatika milele.

4. Koss Porta Pro

Muundo wa 1984, na bado unaonekana kama wa 1984. Dola 50 hivi. Iko wazi: hewa inapita, sikio halitoki jasho, na mchana wa jua kali hiyo ni neema. Besi yake inazidi umbo lake. Haina ngozi ya kubanduka, ni sponji tu, na jozi mpya ni rahisi kuliko chakula cha mchana cha samaki mzima. Lakini haizuii kelele yoyote, na jirani yako kwenye basi atasikia wimbo wako wote. Upinde wa chuma hunasa nywele. Kampuni inatoa dhamana ya maisha, ila makao yake ni Milwaukee, Marekani. Ukilipa posta ya kwenda huko utakuwa umenunua sponji za miaka kumi.

5. Sony WH-CH720N

Hapa ndipo zinaanzia zisizo na waya, na ndiyo maana hazikupanda juu: betri ni sehemu inayokufa kwa hakika na mafundi wachache huibadilisha vizuri. Hii imewekwa mbele ya wenzake kwa sababu ina tundu la waya la milimita 3.5. Gramu 192, na betri inakwenda saa 35 huku ikizima kelele, kwa hiyo umeme ukikatika siku nzima haikuhusu.

Uelewe kuzima kelele kunafanya nini. Maiki za nje husikia mngurumo, na spika hutoa wimbi la kinyume chake linaloufuta. Kwa sauti nzito isiyobadilika hufanya kazi sawasawa: injini ya meli ya Ukerewe, kiyoyozi, basi la usiku kwenda Dar es Salaam. Kwa konda anayepiga kelele "Buzuruga, Buzuruga!" haifanyi mengi, kwa sababu sauti ya mtu hubadilika haraka. Faida yake kubwa ni kwamba huhitaji kupandisha sauti kushinda injini. Shirika la Afya Duniani linapendekeza wastani wa desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na kila desibeli 3 zinazoongezeka hukata muda huo nusu.

6. Sony WH-1000XM4

Ya 2020. Kwa kuzima kelele ni bora kuliko namba tano, inakunjika, inaunganika na simu na kompyuta kwa pamoja, saa 30 za betri. Ingestahili nafasi ya tatu kama ungekuwa na uhakika kwamba uliyoishika ni yenyewe. Feki zake ni nyingi, na zinakuja na boksi zuri na kitabu cha maelezo. Ipime kwenye mzani wa jikoni: halisi ni gramu 254 hivi, feki mara nyingi ni nyepesi. Kisha iunganishe na programu ya Sony kwenye simu yako. Programu ikiitambua na kuonyesha toleo lake, endelea na mazungumzo ya bei. Muuzaji akisema "programu hiyo haifanyi kazi Tanzania", rudisha boksi mezani.

7. Sennheiser HD 600

Kwa sauti ya binadamu, ndiyo bora ya zote tisa. Imetoka 1997, waya unachomoka, mito, sponji, upinde, spika, kila kitu kinauzwa kivyake. Kwa kipimo cha kutengenezeka ingekuwa ya kwanza. Mbona ni ya saba? Kwa sababu ina omu 300 na simu itaipa sauti ya mnong'ono, kwa hiyo lazima ununue amplifaya. Iko wazi kabisa, hivyo jenereta la jirani utalisikia kama lilivyo. Na bei yake inafika M40x tatu. Mwenye chumba tulivu kule milimani aipandishe hadi namba moja.

8. Sony WH-CH520

Nyepesi, gramu 147, saa 50 za betri, na bei ambayo mwanafunzi anaweza kuichangia. Inakaa juu ya sikio badala ya kulizunguka, hivyo ukivaa miwani utaumia baada ya saa moja. Haina tundu la waya. Siku betri itakapogoma, ndiyo mwisho wake.

9. Zile ndogo zisizo na waya wala jina

Zinazouzwa juu ya meza zikiwa na kisanduku cheupe. Betri ya kila upande ni ndogo mno, na ikichoka upande mmoja, hakuna wa kuifungua bila kuipasua. Zinachelewesha sauti: kwenye video midomo inatangulia maneno. Nunua kama unajua unanunua ya miezi kadhaa.

Dukani, kabla hujatoa hela

Chomeka kwenye simu yako, siyo ya muuzaji. Simu nyingi zisizo na tundu la pini zinahitaji adapta ya USB-C, na nyingi huhitaji yenye chipu ya sauti ndani. Isiyo nayo haitoi hata mlio. Cheza rekodi ya mtu mmoja anayeongea: sauti ikae katikati ya kichwa. Ikiegemea upande mmoja, geuza hedifoni kushoto kwa kulia. Ikihama nayo, spika moja ni dhaifu au simu ina kasoro. Isipohama, ni sikio lako.

Kisha pindapinda waya sentimita chache kutoka kwenye pini na kwenye kikombe huku muziki ukicheza. Mkwaruzo wowote ni waya unaokatika. Kwa zilizotumika, bonyeza mto kwa kucha. Alama isiporudi au unga mweusi ukibaki kidoleni, punguza bei ya mito mipya kwenye mazungumzo.

Iyafoni yenye maiki ijaribu kwa kupiga simu. Kama muziki unasikika kama mwimbaji ameondolewa na ngoma zimebaki mbali, na ukibana kitufe cha maiki sauti inarudi, mpangilio wa pini haulingani na simu yako: nafasi ya maiki na ya ardhi (njia ya umeme kurudi) zimebadilishana. Haijaharibika, ila kwako haitafaa bila adapta ya kugeuza, na adapta hiyo iulizie hapohapo kabla ya kufunga mfuko.