Vifaa vya kupigia picha za karibu za wadudu na kuvu inayowaua: ununue kipi kwanza?

Anza na ukubwa wa unachotaka kionekane, lenzi ije baadaye. Chungu aliyeuawa na kuvu ya Ophiocordyceps, aliyeng'ata mshipa wa jani huku kikonyo cha kuvu kikichomoza nyuma ya kichwa chake, anapigika vizuri kwa ukuzaji wa 1:1, yaani eneo la milimita 36 kwa 24 linajaza sensa kubwa. Nzi wa nyumbani aliyekufa kwa kuvu ya Entomophthora muscae, mabawa juu na tumbo lenye mikanda myeupe, ana urefu wa milimita 6 au 7 tu, hivyo anahitaji 2:1 au zaidi. Nyuzi nyeupe za kuvu ya Beauveria zinazotoka kwenye viungo vya mende zinadai 3:1.

Kila ukuzaji ukipanda, sehemu inayoonekana kali hupungua. Kwa f/8 (namba ya f ni kipimo cha tundu la lenzi: ikiwa kubwa, tundu ni dogo) kwenye 1:1 unapata takriban milimita 1; kwenye 2:1 ni kama theluthi ya milimita. Kubana tundu la lenzi hakukuokoi: f/16 kwenye 2:1 hufanya kazi kama f/48, na picha nzima inalegea. Ndiyo maana katika orodha hii mwanga una uzito sawa na kioo.

1. Lenzi ya makro ya milimita 90 hadi 105, pamoja na flashi

Hii ndiyo ya kununua kama bajeti inaruhusu kitu kimoja cha maana. Kwenye 1:1 inakuacha na nafasi ya sentimita 13 hadi 15 mbele ya kioo, ya kutosha kupitisha mwanga na kutomtisha mdudu aliye hai. Makro za milimita 50 au 60 ni nyepesi, lakini hukusogeza hadi kivuli cha lenzi kinamwangukia mdudu. Usilipe ziada kwa ajili ya kizuia mtikisiko. Kwa umbali huu msaada wake ni mdogo, na hakizuii jani kuyumba.

Flashi isiwe ya kuachwa "nitanunua baadaye". Weka kamera kwenye sekunde 1/160, f/8 hadi f/11, ISO 200 (wepesi wa sensa kupokea mwanga), na flashi kwenye 1/8 ya nguvu zake. Kwa nguvu hiyo mmweko ni mfupi kiasi cha kugandisha miguu inayotembea. Mbele yake weka karatasi ya plastiki nyeupe yenye upana wa angalau sentimita 15, karibu na mdudu kadiri inavyowezekana. Bila hiyo, gamba la mende linaonyesha madoa makali ya taa na unga mweupe wa kuvu unageuka doa jeupe tupu, hauna alama yoyote ya nyuzi. Kuvu nyeupe ipige kwa mwanga uliopunguzwa theluthi mbili za stopu (stopu moja ni kupunguza mwanga kwa nusu).

2. Lenzi ya kubandika mbele, mfano Raynox DCR-250

Kwa mwenye lenzi ya zumu ya milimita 200, hakuna njia nafuu iliyo bora kuliko hii. Gawanya urefu wa lenzi yako kwa 125: 200 inakupa 1.6:1. Hubanwa kwenye lenzi zenye kipenyo cha milimita 52 hadi 67, haipunguzi mwanga, na unaitoa papo hapo. Zumu ikifupishwa, pembe za picha hugeuka nyeusi. Epuka zile za kioo kimoja: huzungushia nyuzi nyeupe kingo za zambarau na kijani.

3. Mirija ya kurefusha

Ni mirija mitupu inayowekwa kati ya kamera na lenzi. Seti ya milimita 12, 20 na 36 kwenye lenzi ya milimita 50 hupita 1:1. Nunua yenye miguso ya umeme. Isiyo nayo huzuia kamera kubana tundu kwenye lenzi nyingi za kisasa. Mdudu atakuwa karibu mno na kioo, kwa hiyo inafaa zaidi waliokufa.

4. Kamera ndogo kama Olympus TG-6

Inafokasi kwa sentimita 1 na kuunganisha yenyewe picha kadhaa zilizofokasiwa sehemu tofauti ziwe moja iliyo kali kote. Inafaa kwa kuvu iliyotulia, si kwa mdudu anayetembea.

5. Lenzi iliyogeuzwa

Lenzi ya milimita 28 ikifungwa kinyume, mbele yake ikitazama kamera, hupita 2:1. Lazima iwe na pete ya kubana tundu kwa mkono.

6. Canon MP-E 65mm

Kwa anayeanza iko mwisho; kwa aliyezama kwenye kuvu inapanda hadi ya kwanza. Inakuza kutoka 1:1 hadi 5:1, haifokasi kitu cha mbali kabisa, na kwenye 5:1 inabaki sentimita 4 tu. Inunuliwe pamoja na reli ya kusogeza kamera. Kwa 2:1 na f/5.6, sogeza milimita 0.1 kila picha. Kina cha milimita 3 kitachukua picha 30 za kuunganisha. Bana shina la jani kwa kibanio, kwani upepo mdogo tu huharibu mfululizo wote. Na nzi wa Entomophthora asihamishwe kabla hujapiga: duara jeupe linalomzunguka ni spora (chembe za uzazi) zilizorushwa na kuvu, na ukimgusa limepotea.

Ukinunua lenzi iliyotumika, mulika tochi kutoka nyuma na utazame ndani. Nyuzi kama za utando wa buibui ni kuvu ya kioo. Iache, maana ikishakula rangi ya kinga, kusafisha hakurudishi.