Kununua farasi wa Paint kwa western pleasure: uzoefu wangu

Nina mwaka mmoja na farasi jike wa Paint, aina ya farasi wa Marekani wenye mabaka, niliyemnunua Texas akiwa na miaka 9, kimo inchi 61, yaani kama sentimita 155. Nampa nyota nne kati ya tano. Hiyo moja imepotea kwenye kwato.

Rangi ndiyo inayomuuza Paint, na ndiyo inayompumbaza mnunuzi. Mwamuzi wa western pleasure, shindano la farasi kuonyesha mwendo mtulivu akiwa na mpandaji, hatoi alama kwa mabaka, anatazama mwendo. Farasi atembee, aende jogi (mbio nyepesi) ya midundo miwili ya kwato, kisha lopu (mbio za kurukaruka za polepole) ya midundo mitatu, hatamu zikiwa zimelegea na utosi usishuke chini ya kigongo cha mabega. Kasoro inayouzwa kwa jina la upole ni lopu ya midundo minne. Farasi amezuiwa aende polepole kuliko nguvu za mgongo wake, basi mguu wa nyuma na ule wa mbele wa upande wa pili, ambao hupaswa kutua pamoja, huachana. Fumba macho uhesabu: ta-ta-ta, kimya. Ukisikia nne, acha.

Fika kabla hajatandikwa. Ukikuta jasho bichi au lililokaukia kifuani, huenda amezungushwa kwa kamba ndefu hadi achoke. Muuzaji apande kwanza, kisha wewe. Kwenye lopu legeza hatamu kabisa, uhesabu hatua 20 bila kumgusa. Akiongeza kasi, utulivu ulikuwa mkononi mwa mpandaji, si ndani ya farasi. Rudia kushoto na kulia, maana mwenye maumivu mara nyingi hukataa upande mmoja. Rudi siku nyingine umjaribu tena.

Daktari wa mifugo mchague mwenyewe, asiwe wa muuzaji. Akunje kila mguu kwa dakika moja hivi, kisha farasi akimbizwe jogi papo hapo. Kuchechemea kunaonekana katika hatua za mwanzo. Lipia eksirei za kwato za mbele na vifundo vya miguu ya nyuma, na damu ipimwe dawa za maumivu na za kutuliza. Hapa usibane matumizi hata kidogo.

Wangu ana kwato ndogo chini ya mwili wa kilo 500, na alikuja na ncha ndefu na visigino vilivyolala. Ncha ndefu huchelewesha kwato kunyanyuka, na kano inayopita chini ya mfupa wa navikula, mfupa mdogo ndani ya kwato, huvutwa zaidi kila hatua. Fundi wa viatu vya farasi anakuja kila wiki 6, anafupisha ncha na kuinua kisigino. Nikichelewa hadi wiki 8, jogi inakuwa fupi na ngumu.

Kwa jike unayetaka kumzalisha, tuma nywele zenye mizizi maabara zipimwe jeni ya overo ya fremu, aina mojawapo ya mabaka meupe. Usiamini macho: hata tobiano, farasi wa aina nyingine ya mabaka, anaweza kuibeba bila kuonekana. Wazazi wote wawili wakiwa nayo, kila mimba ina uwezekano wa 1 kwa 4 wa mtoto mweupe asiye na neva za utumbo mpana. Hapitishi kinyesi, na hufa ndani ya siku chache. Dume aitwaye Impressive akitajwa kwenye ukoo, dai pia majibu ya HYPP, ugonjwa wa misuli unaorithiwa. Chukua N/N tu, yaani asiye na jeni ya ugonjwa huo.

Karatasi: jina la muuzaji lilingane na mmiliki wa mwisho kwenye cheti cha APHA, chama cha farasi wa Paint cha Marekani, na fomu ya uhamisho isainiwe kabla hujatoa pesa. Cheti kikionyesha yuko kwenye rejista ya wasio na mabaka, hakikisha madaraja unayotaka kushindana yanamruhusu. Kipimo cha Coggins, cha damu kinachotafuta ugonjwa wa kuambukiza wa upungufu wa damu wa farasi, kiwe hasi na bado hai, hasa ukimvusha jimbo jingine.

Pua yake ya waridi huungua jua la kiangazi. Napaka krimu ya oksidi ya zinki asubuhi na kumvisha kinyago kinachofunika pua.