Kesi za hadidiski nilizotumia, kumbe waya nao una maneno

Mi nashuti na kuediti video za harusi, kazi moja ukijumlisha na sendoff inafika GB 120, sasa mafaili yakichelewa kukopi ndo usiku wangu umeenda hivyo.

Nilianza na hadidiski ya inchi 2.5 niliyoitoa kwenye laptopu iliyokufa, nikaenda Kariakoo nikachukua kesi ya plastiki ya USB 3.0, yaani kile kikasha unachoweka hadidiski ndani halafu unachomeka kwenye laptopu kwa waya. Kuchomeka, inasoma MB 35 kwa sekunde, yaani GB 120 karibu lisaa lizima! Nikasema hapa nimeuziwa feki. Kumbe waya wake orijino ulishakatika nikawa natumia waya wa simu ya zamani, ule wa maikro unaingia vizuri tu upande mmoja wa lile tundu pana la kesi na kila kitu kinafunguka, ila unakuwa umerudi USB 2.0, ile ya zamani ya polepole, bila kuambiwa. Nilipopata waya wenyewe ikapanda MB 110, dakika 18 kazi imeisha. Hapo hadidiski ya kuzunguka, yaani yenye sahani inayozunguka ndani, ndo imefika mwisho wake, hata uiwekee kesi ya bei gani haiongezeki kitu.

Ukinunua waya usiangalie rangi ya bluu peke yake. Chungulia ndani ya kichwa cha kuchomeka kwenye laptopu, kuna pini nne bapa kwa mbele, na nyuma yake lazima ziwepo zingine tano ndogo. Hizo tano zisipokuwepo rudisha palepale dukani.

Baadae nikaweka SSD ya SATA, yaani diski isiyo na kitu cha kuzunguka ila inaingia palepale pa hadidiski, kwenye kesi ileile, nikapata kama MB 250. Nikabadilisha kesi nikachukua yenye UASP, hii inaruhusu amri nyingi ziende kwa pamoja sio mpaka moja iishe ndo ije nyingine, ikaruka mpaka 430 na SSD ni ileile. Kwa pesa niliyotoa hiki ndo kitu kilichonifurahisha kuliko vyote, naediti moja kwa moja kutoka kwenye eksteno na haigandi.

Kesi ya NVMe, ile SSD ndogo yenye kasi kuliko ya SATA, nayo niliijaribu, ilikuwa ya Gbps 10 (hicho ni kipimo cha spidi ya poti na kesi). Kwenye laptopu yangu ilitoa 430 ileile kwa sababu poti yangu mwisho Gbps 5, kwa rafiki yangu mwenye poti ya Gbps 10 ikafika 950. Halafu tukaweka waya wa Type-C wa chaja ya simu, ikashuka 38! Na inachemka jamani, chukua ya alumini, ikipata moto sana inapunguza spidi yenyewe katikati ya kukopi.

Sasa hivi SSD ya SATA ndo ya kazi, ile ya kuzunguka natunzia harusi zilizoisha, na waya zake nimezifunga selotepu na kuandika kwa maka peni HADIDISKI ili mtu asije akaazima kuchajia simu.