Uzoefu wangu na plagi nzito za pini 24 zenye komeo la mkono wa plastiki

Ningependa kuandika maoni haya kwa utulivu, ila sina hakika kama utulivu huo utafika mwisho wa ukurasa, kwa maana kila nikiyakumbuka maneno niliyojibiwa dukani hasira hunipanda upya. Ninachokizungumzia ni plagi ya umeme ya mstatili yenye pini 24, ile inayofungwa kwa makomeo mawili ya mkono, moja kila mwisho. Wasiofanya kazi viwandani huenda hawajawahi kuiona, na waliomo viwandani huishika kila siku bila kuitazama. Volti na ampea zake zimeandikwa ubavuni, kila mtu anaweza kuzisoma. Mimi nitazungumzia mkono wa komeo, na hasa lile tundu dogo ambamo hupita pini ya bawaba, kwa sababu tundu hilo ndilo lililotugharimu shifti nzima ya usiku na sehemu kubwa ya shifti iliyofuata.

Kiwanda ninachokihudumia kama fundi wa matengenezo kiko Dar es Salaam, na kazi yetu kubwa ni vizibo vya chupa. Moldi zetu, yaani kalibu za chuma za kuipa plastiki umbo, zina hita ndani yake ili plastiki ibaki imeyeyuka mpaka inapofika kwenye midomo ya kujazia, na kila mdomo una hita yake na thamokapo yake ya kupimia joto. Nyaya zote hizo hukusanyika kwenye plagi zilizofungwa ubavuni mwa moldi, kisha huendelea kwa kebo nene hadi kwenye kisanduku cha kudhibiti joto. Moldi inapobadilishwa, fundi hufungua makomeo, huchomoa plagi, hushusha moldi hiyo na kupandisha nyingine, halafu hufunga tena. Ni mahali pagumu kwa kifaa chochote: joto halikomi, mafuta ya haidroliki yako hewani na juu ya kila kitu, na kila baada ya sekunde chache moldi hufunguka na kujifunga kwa kishindo.

Muundo wenyewe si wa kubahatisha. Kampuni ya Harting ya Ujerumani iliingiza sokoni plagi zake za jamii ya Han mwaka 1956, na watengenezaji wengi wamefuata vipimo hivyo hivyo, kiasi kwamba kiini cha mmoja, yaani sehemu ya ndani yenye pini, mara nyingi hukaa vizuri ndani ya gamba la nje la mwingine. Tulizonunua sisi ni za mtengenezaji mwingine, ambaye sitamtaja, wala duka sitalitaja. Na kwa haki niseme kwamba kiini chake ni kizuri kweli. Pini zimenyooka, skrubu za kubania nyaya hazilegei, na mguso wa ethi, ule wa waya wa usalama unaokwenda ardhini, umewekwa ili uingie wa kwanza na kutoka wa mwisho, jambo ambalo lilikuja kutufaa. Gamba nalo ni la aluminiamu ya kusubu, zito, la kuaminika mkononi. Kama ningeandika katika wiki za mwanzo ningetoa nyota tano na kuendelea na kazi zangu.

Makomeo ndiyo yaliyokuwa ya plastiki. Kila mkono una umbo la herufi U, umeshikiliwa na pini za bawaba pande mbili za gamba la chini, na ukiusukuma hupanda na kukamata vijino viwili vilivyo ubavuni mwa gamba la juu. Mikono ni miwili, vijino ni vinne. Anayedhani kazi yake ni kuzuia plagi isidondoke tu hajawahi kuifunga. Pini 24 zinapoingia kwa pamoja huwa na msuguano mkubwa, na katikati ya magamba mawili kuna raba ambayo lazima ikandamizwe sawasawa. Mkono wa komeo ndio unaoivuta plagi hatua ile ya mwisho na kuibana hapo, mtikisiko uwe wa namna gani. Hata ile alama ya IP65, ambayo wauzaji huionyesha kwa kidole kama cheti cha ndoa, ina maana ya kwamba vumbi halipenyi na maji yanayorushwa kwa bomba hayadhuru pale tu plagi inapokuwa imechomekwa na kukomewa. Komeo likiondoka, alama hiyo inabaki kuwa pambo.

Kuna na jambo jingine ambalo muuzaji wa vifaa hivi hana udhuru wa kutolijua. Plagi nyingi za aina hii, kwa mujibu wa kiwango cha kimataifa cha IEC 61984, zimo katika kundi lisilo na uwezo wa kukata umeme, yaani hazitakiwi kuchomekwa wala kuchomolewa wakati umeme unatembea ndani yake. Maana yake ni kwamba komeo linasimama kati ya plagi na cheche: plagi isitoke ila mtu amezima, amefika, na ameamua kuifungua kwa mikono yake.

Basi usiku mmoja, miezi kadhaa baada ya kuzinunua, vizibo vilianza kutoka nusu. Kwanza lilikuwa tundu moja la moldi, kisha yakafuata mengine, na msimamizi wa shifti akailaumu malighafi, kama wasimamizi wanavyofanya. Kisanduku cha joto kilikuwa kinaonyesha kwamba hita fulani hazivuti umeme. Tulipofuata kebo hadi kwenye moldi tukakuta mwisho mmoja wa plagi umeinuka, pengo la kutosha kupitisha ukucha, na mkono wa komeo unaning'inia kwa sikio moja. Sikio la pili lilikuwa limepasuka. Pini za upande huo zilikuwa zinagusana nusunusu. Mguso wa nusunusu huongeza ukinzani, ukinzani huzaa joto, joto huilegeza springi ya mguso, na mguso uliolegea huzidi kuchemka. Kiini kilikuwa kimegeuka rangi ya kahawia na kunuka, na baadhi ya pini zilikuwa nyeusi kabisa. Ethi peke yake, kwa jinsi ilivyopangwa kutoka mwisho, ilikuwa bado imeshika barabara, na ndiyo maana nasema kiini kilibuniwa na mtu mwenye akili. Komeo lilibuniwa na mtu mwingine.

Kilichofuata anakijua kila aliyewahi kukesha na mashine: kuzima, kuunga nyaya upya moja moja kwenye kiini kingine, kuipasha moldi taratibu, kutupa vizibo vya mwanzo, na kuandika ripoti ambayo meneja anaisoma mstari wa mwisho tu, ule wa hasara.

Sasa naomba msomaji anivumilie, kwa sababu hapa ndipo mtengenezaji alipokosea mlango: amewauzia plastiki mbovu watu wanaokula kwa plastiki. Nailoni iliyochanganywa na nyuzi za kioo ni malighafi ya heshima, na sina ugomvi na komeo la nailoni lililotengenezwa vizuri. Lakini nailoni hunyonya unyevu wa hewani, na isipokaushwa kabla ya kuyeyushwa, maji yaliyomo huikata minyororo yake na kuacha mapovu. Niliutazama ule ufa chini ya taa na kukuta vitundu vidogovidogo ndani yake. Halafu kuna lile tundu la bawaba. Alama ya mahali plastiki ilipoingilia ndani ya moldi inaonekana kwa macho katikati ya mkono, hivyo plastiki ililifikia tundu, ikagawanyika kulizunguka, na mikondo miwili ikakutana upande wa pili. Popote mikondo inapokutana hivyo hubaki mshono, na mshono huo ndio sehemu dhaifu kuliko zote. Ufa ulipita juu ya mshono kutoka mwanzo hadi mwisho, na ni pale pale ambapo mvuto wote wa komeo huishia. Kijana yeyote anayejifunza kazi kwetu, ukimwonyesha mchoro wa kifaa hiki, angesema tundu hilo liongezewe unene au plastiki iingilie mahali pengine.

Ningeweza kuyameza yote hayo. Vifaa huvunjika, ndiyo maana tuna ajira. Ila siku chache baadaye nilikwenda dukani, Kariakoo, nikiwa na risiti na ule mkono uliopasuka, na sikwenda kugombana. Nilikwenda kuuliza kama wana mikono ya akiba. Kijana wa kaunta alinipa shikamoo yake vizuri, akaupokea mkono, akaugeuza mara moja na kuurudisha mezani.

"Mzee wangu, hicho ni kishikio tu. Umeme haupiti humo."

Nikamwambia dhamana yao haijafika mwisho. Akasema dhamana ni ya sehemu zinazopitisha umeme. Nikauliza bei ya mkono peke yake. Akasema hauuzwi peke yake, ninunue gamba zima. Nikaomba kuonana na mwenye duka, naye alikuwa ameketi hatua mbili tu nyuma yake, akajibu bila kuinua macho kwenye simu: "Fungeni na kebo tai. Kiwanda gani kinakosa kebo tai?" Wateja wawili watatu wakacheka.

Kebo tai! Kamba ya nailoni, kwenye ubavu wa moldi ya moto, iishikilie plagi ambayo haitakiwi kutoka umeme ukiwa unatembea, na fundi wa shifti inayofuata aikate kwa kisu kila anapobadilisha moldi. Ni kweli umeme haupiti humo. Umeme unapita kwenye pini, na pini zinagusana kwa sababu kuna kitu kimezibana, na kitu hicho ndicho nilichokuwa nimekiweka juu ya kaunta yake. Mtu anayeuza vifaa hivi kwa viwanda na hajui hilo angeuza vitenge, ingawa nao wauza vitenge wanajua bidhaa yao kuliko hivyo.

Kwa siku hiyo hukumu yangu ilikuwa rahisi: hakuna nyota, hata moja, na asinunue mtu. Lakini haki ina maudhi yake, maana plagi hizo hizo, zilizotoka boksi moja na ile iliyopasuka, ziko kwenye mashine yetu ya kufungashia, na makomeo yake hadi leo hayana hata mkwaruzo. Huko hakuna joto wala kishindo, na plagi hufunguliwa kwa nadra. Kwa hiyo huenda mtu mwenye mashine tulivu akaridhika nazo, na sitamwita mjinga. Isipokuwa, na hapa napanda tena, kwenye boksi imeandikwa kwamba ni plagi za kazi nzito. Kama mkono wa komeo ni wa kazi nyepesi, waandike hivyo, nasi tupange bajeti tukijua.

Tulichofanya hatimaye ni kuagiza kwa wakala mwingine magamba yenye makomeo ya chuma kisichoshika kutu, tukang'oa viini vya zamani vilivyo vizima na kuvipachika humo. Najua kwamba kuchanganya hivyo watengenezaji hawakupendi, na tulipima kila mguso kabla ya kuwasha. Kwa muda nilifikiria yale magamba yenye mkono mmoja mrefu unaokamata kijino kimoja kila mwisho, kwa sababu hayo hayawezi kufungwa upande mmoja na kuachwa wazi upande wa pili, lakini ubavu wa moldi zetu umejaa mabomba ya maji ya kupoozea na mkono mrefu haupati nafasi ya kuzunguka.

Makomeo ya chuma ni magumu. Springi yake inabana hata vidole vilivyo ndani ya glavu, na vijana walilalamika wiki nzima. Sharti mtu asukume mikono yote miwili kwa pamoja, kwani akifunga mmoja kwanza plagi huingia kiupandeupande na pini za upande mmoja hubeba mzigo wote. Hata hivyo likifunga linatoa mlio mmoja mkavu, na ukijaribu kuitikisa plagi unatikisa moldi. Sikutegemea kufurahia mlio wa komeo katika umri wangu. Bei inakaribia maradufu, na meneja wa fedha aliuliza kwa nini. Nilimpa ule mkono uliopasuka pamoja na ripoti ya usiku ule, akatia sahihi.

Kwa hiyo nalazimika kuigawa hukumu, ingawa nilipokaa kuandika nilikusudia kuifyeka yote. Kiini nakipa nyota nne, na ingekuwa tano kama kingeuzwa bila lile gamba. Komeo silipi kitu. Duka silipi kitu pia, na kama kungekuwa na nyota za kudaiwa ningelidai. Atakayenunua plagi za namna hii aulize kwanza, kabla ya bei, kama mkono wa komeo unauzwa peke yake. Akiambiwa ni kishikio tu, ageuke aondoke. Magamba yetu ya zamani yako stoo. Aluminiamu yake, kama nilivyosema, ni nzuri, na mnunuzi wa vyuma chakavu amekwisha kuyaulizia.