Wasini nitarudi, lakini si na kampuni ile

Nilitaka kuandika siku ile ile tuliporudi nikaona nitatukana mtu bure. Sasa zimepita wiki kadhaa na hasira bado ziko pale pale, kwa hivyo wacha niandike tu.

Mamangu ni mzaliwa wa Vanga, ameishi Mombasa tangu aolewe, na hamu yake kila siku ni kaa wa kwao. Nikasema mwaka huu lazima nimpeleke kisiwa cha Wasini, nikalipa kampuni moja ya matembezi pale Diani, kila kitu ndani, gari mpaka Shimoni, jahazi, hifadhi ya bahari ya Kisite kuangalia pomboo, halafu chakula cha mchana kisiwani. Pomboo tuliwaona, tena karibu kabisa na jahazi, watoto walipiga kelele mpaka sauti zikakauka. Hapo sina neno.

Balaa lilianza kwenye chakula. Sisi tuliletewa wali wa nazi, samaki wa kupaka na mwani wa kukaanga. Meza ya pili wamekaa wageni wa Ulaya, tumetoka nao Shimoni jahazi moja, wao wakaletewa kaa wazima, wekundu, moshi unatoka, kila mtu na kibao chake na kigongo cha kuvunjia. Mama akangoja weee, mwisho akamuuliza kijana wa kampuni kwa upole kabisa, "Mwanangu, na kaa wetu je?" Kijana hata hakugeuka. "Kaa ni wa wageni, mama. Nyinyi kuleni wali, kwani kwenu hakuna kaa?"

Jamani! Mtu sawa na bibi yake, shikamoo hajampa tangu asubuhi, na karatasi ya malipo ninayo mfukoni imeandikwa kaa! Nikainuka nimwoneshe, mama akanishika mkono, "Kaa kitako, usituharibie siku." Akaanza kumega wali, lakini ule mtandio aliuvuta mbele mpaka ukamfunika nusu uso, na mimi namjua mamangu, akifanya vile ameumia. Kijana yuko kule anacheka na wageni. Sitaki hata kumkumbuka.

Sasa mama mmoja wa jikoni alikuwa amesikia yote. Akaja akamuuliza mamangu kwao wapi, kusikia Vanga tu basi, wakaingia kwenye Kivumba, lahaja yao ya huko, mimi naambulia neno moja moja. Akarudi jikoni, akatoka na sufuria, kaa wawili wakubwa, nadhani walikuwa wa kula wenyewe wapishi. Mama akagonga gando mara moja tu pale kwenye kiungo, nyama ikatoka nzima bila kukatika, akampa mwanangu mdogo kwanza. Akaongeza ndimu na pilipili, akala mpaka mtandio ukarudi mabegani. Kaa mtamu vile sijawahi kula, na ule mwani wenye kachumbari ya ndimu mimi nilidhani sitauweza, nikamaliza sahani.

Baadaye tukaenda bustani ya matumbawe, ile yenye njia ya mbao katikati ya mikoko, inaendeshwa na akina mama wa kijiji, unalipa kidogo wanapata cha kusaidia kijiji chao. Mama alitembea yote, na miguu yake ile mibovu. Kisiwani hakuna gari hata moja, unasikia watu tu na kuku.

Nilikuwa nimepanga kuwaambia msiende kabisa. Nafuta. Nendeni, lakini fikeni wenyewe Shimoni, ongeeni na wenye mashua hapo gatini, na chakula mpange na akina mama wa Wasini wenyewe, hela iwafikie wao.

Kampuni niliwaandikia, wakajibu "asante kwa maoni yako". Sitaki kurudishiwa pesa mimi. Nataka yule kijana aje Mombasa ampe mamangu shikamoo yake.