Kilomita 23,000 na gari la umeme bila chaja ya nyumbani

Nilinunua gari la umeme miezi kumi na minne iliyopita, na nyumbani sina pa kulichajia. Naishi ghorofani, gari linalala nje pamoja na ya majirani, kwa hiyo umeme wote uliolisukuma kilomita 23,000 umetoka kwenye vituo vya umma. Naandika nikiwafikiria walio katika hali kama yangu. Mwenye soketi karibu na gari lake, anayechomeka usiku na kuamka betri imejaa, habari yake ni nyingine kabisa. Huyo anunue tu.

Gari lenyewe nitalieleza kwa ufupi, maana sina malalamiko. Ni dogo, milango mitano, betri ya kilowati-saa 50. Ukikanyaga linaondoka papo hapo, bila mngurumo na bila kubadilisha gia. Ukiachia pedali, mota inageuka jenereta: inapunguza mwendo na kurudisha umeme kwenye betri, hivyo breki zenyewe nazigusa mara chache sana. Kwenye servisi fundi alikagua matairi, maji ya kupoozea betri, oili ya breki na chujio la hewa ya ndani, kazi ikaisha. Oili ya injini haipo, plagi hazipo. Cha kuangalia ni matairi, kwa kuwa betri inaongeza uzito, na anayependa kuondoka kwa kishindo atayabadilisha mapema.

Muuzaji aliniambia kilomita 385 kwa chaji moja. Hiyo ni namba ya maabara. Katika mizunguko ya mjini gari langu linakula kilowati-saa 15 hivi kwa kilomita 100. Kwenye barabara kuu nikishikilia 120 kwa saa linapanda hadi 21, kwa hiyo betri nzima inanipa kilomita 240 tu, na hakuna anayesafiri mpaka ifike sifuri. Ni kinyume cha gari la petroli, ambalo foleni za mjini ndizo zinazolimaliza. Huku mla umeme mkuu ni upepo unaousukuma kwa mbele. Shuka kutoka 120 hadi 100 na utaiona tofauti kwenye skrini kabla ya robo saa.

Sasa vituo, ambako ndiko nilikosoma.

Kuna maneno mawili yanayochanganya karibu kila mtu. Kilowati-saa ni ujazo wa pipa, kilowati ni nguvu ya bomba linalolijaza. Betri yangu ni pipa la 50. Bomba hutegemea kituo na gari pia, na mdogo kati ya hao wawili ndiye anayeamua. Nguzo za AC, zile nyembamba za kwenye maegesho, hutoa umeme wa aina ileile ya soketi za nyumbani. Betri haiwezi kuupokea ulivyo. Lazima ugeuzwe kuwa DC, yaani umeme wa upande mmoja ambao ndio betri huhifadhi, na chaja ndogo iliyomo ndani ya gari, na ya gari langu ukomo wake ni kilowati 11. Nikichomeka kwenye nguzo ya 22 napata 11 zilezile. Wiki ya kwanza nilipiga simu huduma kwa wateja kuuliza kwa nini nguzo yao ni dhaifu, na yule dada akanieleza kwa subira kwamba nguzo haina tatizo, ndivyo gari lilivyoundwa.

Maisha yangu ya kila siku yanategemea nguzo hizo za AC. Jumanne na Ijumaa naacha gari kwenye nguzo karibu na kazini, baada ya saa tatu au nne nalihamisha ili mwingine achaji. Naomba wenzangu mlifanye hili la kuhamisha. Gari lililojaa likabaki limechomekwa linamfungia njia mtu ambaye huenda hana akiba ya kufika kwingine, na mitandao mingi siku hizi inamtoza faini anayekawia.

Chaja za DC ni zile kabati kubwa zenye waya mzito. Zinageuza umeme hukohuko nje na kuusukuma moja kwa moja kwenye betri. Gari langu limeandikiwa kilowati 100, lakini hizo 100 nazipata muda mfupi tu, betri ikiwa kati ya asilimia 10 na 45. Baada ya hapo kasi inashuka, ikifika 80 napata kama 35, na juu ya hapo inatambaa. Kituo hakina kosa. Seli zinapokaribia kujaa, lithiamu hukosa nafasi ya kuingia haraka, na ikilazimishwa huganda juu ya elektrodi na kuichakaza betri. Kompyuta ya gari inapunguza kasi ili kuilinda. Kwa gari langu, kutoka 10 hadi 80 ni dakika 33. Kutoka 80 hadi 100 ni dakika 40 zaidi. Tangu nilipopima kwa saa ya mkononi nimeacha kungoja ijae njiani. Nasimama mara mbili kidogokidogo na nafika mapema kuliko nikisimama mara moja.

Baridi nayo ni mtihani. Betri iliyolala kwenye baridi kali inakataa kupokea haraka, na nimewahi kukaa nikitazama kilowati 28 kwenye chaja ya 150. Dawa yake ni kukiweka kituo kama mwisho wa safari kwenye ramani ya gari, ili gari lianze kupasha betri moto mkiwa bado njiani. Si kila gari lina uwezo huo. Ulizeni kabla ya kulipa.

Usiku ulionifundisha zaidi nilikuwa na Mama, tukirudi kutoka kumwona ndugu yake. Tulifika kituoni na asilimia 11. Kilikuwa na chaja mbili. Ya kwanza skrini nyeusi. Ya pili ilikubali kadi, ikafunga waya, ikahesabu kama dakika moja, kisha ikakata. Nikarudia mara nne. Nikapiga simu, wakaizima na kuiwasha kutoka huko waliko, ikakata tena. Na programu yao muda wote ilionyesha chaja zote mbili ziko sawa, rangi ya kijani. Hilo ndilo lililoniudhi, na bado linaniudhi: chaja kuharibika kunaeleweka, lakini kumwambia msafiri wa usiku kwamba ni nzima ni kumweka hatarini.

Kituo kingine kilikuwa mbele kilomita 19. Nilizima kiyoyozi, nikaenda 70 kwa saa upande wa magari mazito. Mama aliuliza mara moja tu, "Mwanangu, tutafika?" Nikamwambia, "Tutafika, Mama." Tulifika na asilimia 5, lakini kimya cha ndani ya gari kwa zile dakika ishirini sitaki kukirudia na mzazi wangu pembeni.

Hata huko pa pili chaji ilikuwa ya polepole, mpaka kaka mmoja aliyekuwa akifunga waya wake akanijia: "Kaka, hamia kabati lile. Hapa mnagawana wawili." Kumbe kabati moja lenye nyaya mbili mara nyingi hugawa nguvu zake kati ya magari mawili. Nikahama, kasi ikapanda zaidi ya maradufu. Ningefurahi sana kama maandishi hayo yangekuwa juu ya kabati lenyewe, kwa herufi kubwa.

Tangu usiku ule siendi kwenye kituo chenye chaja moja au mbili nikiwa na betri chini ya asilimia 20, na kila safari nina kituo cha akiba ninachoweza kukifikia. Naangalia pia maoni ya watumiaji ya siku hiyohiyo. Mtu akiandika "nimechaji saa mbili zilizopita, kimefanya kazi", namwamini yeye kuliko rangi ya kijani.

Malipo yanachosha. Nina programu tano kwenye simu na kadi mbili za kugusisha. Mtandao mmoja unatoza kwa kilowati-saa, mwingine unaongeza kwa dakika, mwingine unazuia kwanza kiasi kikubwa benki na kurudisha baki baada ya siku kadhaa. Vituo ninavyovisifu ni vile ambavyo unagusisha kadi ya kawaida ya benki na kuanza. Jueni pia kwamba si kila kilowati-saa mnayolipia inaingia kwenye betri: kwenye AC, kama moja katika kumi hupotea njiani kama joto. Na DC ni ghali kuliko AC kwa kiasi cha kuhisi. Ninapochaji AC naokoa sana kuliko petroli. Safari ndefu ya DC tupu, akiba hiyo inasinyaa karibu iishe.

Kwa anayefikiria kuhama, swali la "linaenda kilomita ngapi" liweke pili. Uliza kwanza kutoka 10 hadi 80 ni dakika ngapi, chaja ya ndani ya AC ni kilowati ngapi, na tundu lake ni la aina gani. CCS2 na CHAdeMO ni aina mbili za plagi za DC zisizoingiliana: kama vituo vya kwenu vimejaa CCS2, gari la CHAdeMO litakutesa hata likiuzwa kwa bei ya kutupa. Kama ni gari lililotumika, dai kipimo cha afya ya betri kwa maandishi. Watengenezaji wengi hudhamini betri miaka 8 au kilomita 160,000 kwamba haitashuka chini ya asilimia 70, basi uliza udhamini umebaki kiasi gani na kama unahamia kwa mnunuzi. Halafu, kabla ya kusaini chochote, tembelea vituo vitatu vilivyo karibu nawe jioni ya siku ya kazi. Simama pale nusu saa, uhesabu magari yanayongoja na chaja zisizofanya kazi. Mimi sikufanya hivyo.

Kurudi petroli sitarudi. Mwezi ujao tuna safari ya kilomita 540, na nimepanga kusimama mara mbili, kila kituo kina chaja sita au zaidi. Mama ameshaniuliza kama cha kwanza ni kile chenye mti mkubwa na benchi. Ndicho.