Spika za nyuma nimeziondoa: sauti ya Defender yangu baada ya miezi saba

Siku ya kwanza kumbeba mama yangu baada ya kuweka spika mpya, tulikuwa tumepita Njoro tukipanda Mau Narok, mtangazaji akaanza kusoma habari. Mama akageuka, akachungulia nyuma kwenye magunia ya mbegu za viazi. "Huyo nani umembeba?" Nilicheka mpaka machozi, lakini kimoyomoyo nikajua pesa zangu zimeliwa.

Gari lenyewe ni Land Rover Defender 110 kuukuu, ya dizeli. Ukiweka na matairi ya matope, ndani ni kama umekaa kwenye posho mill. Karakana ya kwanza, hapa hapa Nakuru, ilinitobolea kuta za nyuma na kupachika spika mbili zile pana za inchi 6 kwa 9. "Kila mtu huweka huko," ndiyo sababu niliyopewa. Kwenye gari dogo la saluni nakubali, maana buti hugeuka boksi la spika. Kwangu nyuma kuna magunia, migongo ya viti, na bati jembamba la alumini lenye matundu kila mahali. Besi hakuna, maneno hayasikiki. Dawa yangu ikawa kuongeza sauti, na nikifika nyumbani masikio yanalia.

Nikatafuta fundi mwingine, yuko upande wa Industrial Area. Sitamtaja, hakuniomba tangazo. Nilichopenda ni kwamba hakushika drili siku hiyo. Aliniambia, "Mzee, keti vile huwa unaendesha, usijipange." Akapima kwa futi kutoka sikio langu hadi kila pembe. Kisha akaleta spika mbili ndogo ndani ya vijiboksi vya plaiwudi, akawa anavihamisha: mlangoni chini, pembeni mwa dashibodi, juu ya kioo cha mbele. Na injini inanguruma muda wote. Ukisikiliza gari likiwa limezimwa, alisema, utanunua uongo.

Nilidhani mlangoni ndiko kungeshinda. Kumbe kule chini sauti nyembamba, zile za matoazi na herufi kama s na t, zinakufa kwenye magoti na suruali. Zinasafiri kama mwanga wa tochi, ukiziba, umeziba. Tena milango ya Defender na maji ni marafiki wa zamani, na buti langu la shambani lingeitoboa spika kabla ya mwezi kuisha. Juu ya kioo maneno yalisikika safi ajabu, ila paa lilianza kutetemeka, na barabara ya Kuresoi ingenigongesha kichwa hapo siku moja.

Tukaishia pembeni mwa dashibodi: spika za inchi 4 kila upande, juu ya usawa wa magoti, na twita, vile vispika vya sauti nyembamba, zimeelekezwa katikati ya gari, si moja kwa moja kwangu. Alijaribu kwanza kuzielekeza kwenye kioo, sauti ikarudi kali kama sufuria inayokwaruzwa. Akazigeuza kidogo kidogo mpaka gitaa la benga likasimama mbele yetu, sio mlangoni mwangu. Kwa sababu nakaa kulia, spika ya kulia iko karibu nami kwa kama sentimita 60. Redio yangu ina sehemu ya kuchelewesha upande mmoja. Sauti husafiri takriban sentimita 34 kwa kila sehemu moja ya elfu ya sekunde, kwa hivyo spika ya kulia tuliichelewesha kwa karibu sehemu mbili hizo, ili sauti za pande zote zinifikie pamoja. Niliona ni mambo ya mashine, nikamwambia aizime. Baada ya dakika moja nikamwomba airudishe.

Besi ni hadithi nyingine. Spika husukuma hewa mbele na nyuma kwa wakati mmoja, na hewa ya nyuma ikipata njia ya kukutana na ya mbele, besi inafutika. Ndiyo maana zile za bei ghali zilizotangulia zililia kama redio ya mkono. Na kulikuwa na aibu nyingine: fundi aligusisha betri ya tochi ya volti 1.5 kwenye nyaya za zile spika za zamani, utando wa moja ukatoka nje, wa nyingine ukaingia ndani. Waya za upande mmoja zilikuwa zimegeuzwa! Mwaka mzima spika zangu zilikuwa zinavutana kamba.

Sabwufa, yaani spika ya besi, ya inchi 8, yenye boksi lake lililofungwa, imekaa nyuma ya kiti cha abiria, imeshikwa na bolti nne. Sauti nzito hata ukiiweka kisogoni sikio halijui inatoka wapi, mradi isiachwe ipande hadi kwenye sauti za watu. Tumeikata kwenye hezi 90 hivi, yaani mitetemo 90 kwa sekunde. Kutoka hapo kwenda juu ni kazi ya zile za mbele. Betri ya gari hili iko chini ya kiti hicho hicho, kwa hivyo waya ni mfupi na fyuzi iko karibu kabisa na betri. Kwa gari linalorukaruka usibishane na hilo: waya ukisuguana na chuma bila fyuzi, unapika gari.

Kazi ilinigharimu shilingi 6,500 za ufundi, na ilichukua Jumamosi mbili badala ya moja aliyoahidi. Hilo nalilalamikia. Pia vumbi la Solai limeingia kwenye neti za spika na sina njia rahisi ya kuzifungua, na kuna noti moja ya besi ambayo ikipigwa kile kikinga jua cha kushoto kinatetemeka kama nyuki. Nimekibandika sponji, kimepungua tu.

Lakini sasa nikiwa kwenye murram natumia sauti nusu ya ile ya zamani, na mpira wa Jumapili naufuata wote. Mama naye haangalii nyuma tena. Anabishana na mtangazaji uso kwa uso. Yale matundu mawili ya nyuma bado yapo. Kijana wangu ameyageuza kabati: moja lina tochi, lingine kamba ya kuvutia gari.